KIBAHA NA KISARAWE: JIRANI WAWILI WA JIJI MOJA

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache juu ya historia ya mahali ilipo shule yetu. Habari za walimu wetu, za mabweni na za mechi zetu za mpira nawaachia wenzangu, maana wapo wanaozikumbuka vizuri zaidi. Mimi nimeona niandike juu ya nchi yenyewe, yaani Kibaha tuliyosomea na jirani yake Kisarawe, na jinsi Jiji la Dar es Salaam lilivyozilea na kuzibadili nchi hizi mbili.

Swali langu ni hili. Kisarawe ilitangulia mbele ya Kibaha kwa mambo mengi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua vituo Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walihamishia Minaki chuo chao cha Kiungani, Unguja, mwaka 1925, na vijana wa nchi nzima wakaja kusomea katika vilima vile. Wakati huo Kibaha ilikuwa mapori na mashamba kando ya njia ya Morogoro. Lakini katika sensa ya mwaka 2022 mji wa Kibaha peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya 260,000, na wilaya nzima ya Kisarawe zaidi ya 150,000 tu. Imekuwaje aliyetangulia akaachwa nyuma? Na huyo aliyepita mbele amefaidika kwa kiasi gani?

Jiji na shamba lake

Yafaa ikumbukwe kwamba Dar es Salaam ni mji mchanga. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891 walipoacha Bagamoyo. Nchi iliyouzunguka ilikuwa ya Wazaramo, watu wa mihogo, mpunga, minazi na miembe. Tangu siku hiyo Uzaramo ikawa shamba la mji. Muhogo ulioliwa Kariakoo, nazi iliyokunwa Ilala, kuni na mkaa uliopikia Magomeni, sehemu kubwa vilitoka huko, kwanza kichwani, kisha kwa baiskeli, kisha kwa malori.

Mji haukutaka chakula tu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika sehemu hizi, na watu wakalazimishwa kuyalima kwa malipo yasiyotosha kununua chochote cha maana. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, Wazaramo nao waliingia. Kibasila wa Kisangire alikuwa miongoni mwa viongozi wao, na ndiye ambaye shule ya sekondari ya Kibasila iliyoko Dar es Salaam inabeba jina lake. Wanafunzi mnaopita mbele ya shule hiyo na mjue kwamba ugomvi wake ulikuwa juu ya nani aamue shamba lilimwe nini. Ugomvi huo, kama nitakavyoonyesha, haujamalizika.

Mwaka huohuo wa 1905 ulianza ujenzi wa reli ya kati, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilipita Pugu, Soga na Ruvu. Mtu angetegemea kwamba miji mikubwa ingeota kando yake, lakini haikuwa hivyo. Gari moshi husimama stesheni tu, na stesheni ni chache. Mkulima aliye maili tano kutoka stesheni humwona mwenye gari moshi akipita na mali ya watu wengine. Lori ni kitu kingine. Lori husimama popote penye mtu na gunia, na pale linaposimama mara tatu hujengwa kibanda cha chai, na baada ya kibanda huja duka, fundi baiskeli na msikiti.

Hapa ndipo bahati za jirani hawa wawili zilipoachana. Barabara ya Morogoro ni barabara ya kupita kwenda bara na nchi za nje. Barabara ya Kisarawe ilipanda vilima vya Pugu ikaishia vijijini, na aliyeifuata alikuwa na shida ya hukohuko Kisarawe au Maneromango. Njia ya kupita hukusanya wageni, lakini njia ya kuishia hutumiwa na wenyeji tu. Hata majina ya vituo yanasimulia jambo hili. Mtu akipanda basi la Kibaha husikia kondakta akiita Kwa Mathias, Kwa Mfipa, Picha ya Ndege. Hayo ni majina ya watu waliotoka mbali na ya vitu vilivyoonekana kando ya lami. Ukienda Kisarawe utasikia Maneromango, Mzenga, Marumbo, Vihingo, majina ya nchi yenyewe.

Mradi wa Nordic

Mapema baada ya Uhuru, nchi nne za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ziliungana na serikali ya Tanganyika kuanzisha kituo cha maendeleo Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Kituo kilianza mwaka 1963 kikiwa na viungo vitatu: shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Fikra yake ilikuwa kupambana na maadui watatu aliowataja Mwalimu Nyerere, ujinga, umaskini na maradhi, wote mahali pamoja. Shule yetu ilifungua milango mwaka 1965. Mwaka 1970 kituo chote kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha afya ndicho mama wa hospitali ya Tumbi.

Sisi wanafunzi tulizoea kuiona shule kama kisiwa. Tulipata maabara, maktaba na umeme, na nje ya eneo letu tukaona mashamba ya mihogo. Lakini mwanahistoria atauliza: ni nani waliojenga majengo yale, waliopika vyakula vyetu, waliofua, waliolinda, waliochukua damu pale Tumbi? Watu hao walihitaji vyumba vya kupanga, na mwenye shamba aliye karibu akajenga vyumba hivyo. Mshahara wa mwisho wa mwezi ulizaa gulio, na gulio likazaa mji. Shule tatu au nne za Kisarawe zilitoa wasomi wakaondoka, lakini kituo cha Kibaha kilikuwa na shule, hospitali, chuo, lami na maji kwa pamoja.

Nataja maji kwa makusudi. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi ulijengwa mwaka 1959 ili kulinywesha jiji, na maji yake yanakwenda Dar es Salaam yakifuata upande wa Kibaha. Bomba likipita karibu na mtu, siku moja atapata tawi lake. Kisarawe ilikaa juu ya kilima ikiyatazama mawingu. Bomba la DAWASA la kutoka Kibamba hadi Kisarawe lilizinduliwa mwaka 2020, miaka 61 baada ya mtambo wa Ruvu Juu. Anayeuliza kwa nini mji huu ulikua na ule ukadumaa na aanze na hesabu hiyo.

Katika miaka ya 1970 barabara ya kwenda Zambia ilikamilika kuwa ya lami, na Kibaha ikapata kiwanda cha korosho na kiwanda cha TAMCO cha kuunganisha malori ya Scania. Makao makuu ya Mkoa wa Pwani nayo yakawa Kibaha. Mji ulikuwa umekwisha kuzaliwa.

Mikorosho iliyoachwa

Huko Kisarawe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zao la fedha lilikuwa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, ikawa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 17,000 hivi. Sababu zilikuwa kadhaa. Bei aliyolipwa mkulima ilipungua thamani mwaka hadi mwaka. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Na katika Operesheni Vijiji ya miaka ya katikati ya 1970 watu wengi walihamishwa kukaa pamoja, wakawa mbali na mikorosho yao. Mkorosho usiopaliliwa huzungukwa na msitu, moto wa kiangazi ukija unaumaliza.

Sisemi haya kwa kulaumu nia ya vijiji. Shule za msingi na zahanati nyingi za Pwani zilijengwa kwa sababu ya vijiji, na wengi wa wazazi wetu walijifunza kusoma humo. Lakini yapasa tuandike na hasara, maana mkulima aliyepoteza zao la fedha hutafuta fedha mahali pengine. Kisarawe ilikuwa na kitu kimoja ambacho jiji halikuacha kukinunua, nacho ni mkaa.

Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu 129,000 mwaka 1957 na karibu 273,000 mwaka 1967. Mwaka 1978 mkoa wake ulikuwa na 843,000, na mwaka 2022 zaidi ya 5,380,000. Nyumba nyingi katika hizo zilipikia mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo karibu kabisa na jiji, ilikatwa vibaya hasa tangu miaka ya 1990, ingawa ilikuwa hifadhi. Watafiti waliofuatilia jambo hili waliona kwamba mwaka 1991 wachoma mkaa walikuwa kiasi cha kilomita 20 kutoka jijini, na mwaka 2005 walikuwa wamefika kilomita 50. Jiji lilikuwa linakula msitu kama mtu alaye muhindi, punje baada ya punje kutoka ncha moja. Na faida? Mwenye tanuru alipata ya chumvi na sabuni, lakini mwenye lori na mwenye stoo mjini walijenga nyumba. Wenyeji walibaki na kilima kikavu na kijito kilichopungua.

Shamba linapogeuka kiwanja

Kuanzia miaka ya 1990 jiji liliacha kuomba chakula na mkaa peke yake, likaomba ardhi yenyewe. Viwanja vilivyopimwa mjini vilikuwa vichache na ghali, na mtumishi au mfanyabiashara mdogo akaenda kutafuta nje. Kwanza ilikuwa Kimara na Mbezi, baadaye Kibamba na Kibaha. Upande wa pili ilikuwa Gongo la Mboto, kisha Chanika, kisha Kisarawe. Takwimu zinaonyesha wimbi hilo likifika. Wilaya ya Kisarawe ilikuwa na watu karibu 95,000 mwaka 2002 na karibu 101,000 mwaka 2012, yaani miaka kumi iliongeza watu 6,000 tu. Miaka kumi iliyofuata iliongeza zaidi ya 50,000.

Namna shamba linavyouzwa ni jambo la kufikiriwa. Mzee ana ekari tano zenye miembe na minazi, na makaburi ya wazazi wake yamo humohumo. Anakuja mgeni na fedha taslimu. Mzee anauza ekari moja, anaezeka bati, anamlipia mjukuu ada. Mwaka wa pili anauza nyingine kwa ajili ya ugonjwa. Mwaka wa tano mwanawe anataka kuoa, naye hana pa kujenga, na kiwanja kidogo katika shamba lilelile la babake kimekuwa na bei kuliko ekari nzima ilipouzwa. Bei imepandishwa na barabara, umeme na maji, lakini aliyeuza mapema hakuipata nyongeza hiyo. Ameipata aliyenunua akangoja.

Tena, kwa desturi ya Wazaramo ukoo ulifuatwa upande wa mama, na mwanamke alikuwa na mahali pake pa kulima katika nchi ya ukoo wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Lakini mauzo yanapofanywa haraka, kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya mashahidi wawili, aghalabu ni majina ya wanaume yanayoandikwa. Mama aliyekuwa na mihogo yake pale anapata habari siku ya kupigwa uzio.

Kijiji na mtaa

Liko jambo moja ambalo mimi, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, naliona kubwa kuliko yote, na wengi hawalizungumzi. Kijiji, kwa sheria zetu, ni mamlaka kamili. Kina halmashauri yenye uwezo wa kumiliki na kushtaki, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila kibali cha mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi mtu mzima. Mji unapotanuka, vijiji hufutwa na kugeuzwa mitaa. Mtaa una mwenyekiti na kamati, lakini hauna uwezo ule. Ardhi husimamiwa na halmashauri ya mji pamoja na Kamishna wa Ardhi. Kwa hiyo mwananchi aliyelala mwanakijiji akaamka mkazi wa mtaa amepata matumaini ya lami na taa, na amepoteza kura yake juu ya ardhi. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa ya lazima, maana mji hauwezi kupangwa na mikutano hamsini. Lakini ni haki watu waelezwe wanachokitoa kabla hawajakishangilia wanachokipokea.

Kisarawe ilipata somo chungu juu ya jambo hili. Mwaka 2009 kampuni moja kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji 11 ili ilime mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo. Wakati huo bei ya petroli duniani ilikuwa imepanda sana mwaka uliotangulia, na Ulaya ilikuwa inatafuta mafuta ya mimea. Vijiji viliahidiwa kazi, visima, barabara na zahanati. Kwa sheria, mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ikiwa bado ni ya kijiji, lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikahamishwa. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, mamia ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, na ahadi nyingi zikabaki maneno. Lakini ardhi haikurudi kijijini yenyewe kwa kuwa mbono umeshindwa, maana mlango wa kuitoa ardhi kijijini ni mpana kuliko wa kuirudisha. Watu walikatazwa hata kupita kwenda kuokota kuni na kuchota maji katika nchi ya babu zao. Hapo ndipo ninapomkumbuka Kibasila na pamba yake.

Mambo ya sasa na kazi yetu

Leo kasi imeongezeka. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ilianza kupanuliwa mwaka 2018 iwe ya njia nane, baada ya nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kubomolewa mwaka 2017. Kituo kikuu cha mabasi cha jiji kilihamia Mbezi mwaka 2021. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nayo ina stesheni Soga na Ruvu. Bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, ilizinduliwa mwaka 2025, ili makontena yatoke jijini kwa reli yakapakuliwe huko. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1905 reli inaanza kuufanyia ukanda huu kazi ambayo zamani ilifanywa na lori. Kwala inakwenda kuwa Kibaha nyingine.

Basi tufanye nini? Waliomaliza, hasa tulio katika ofisi za mipango, ardhi na sheria, tunalo deni kwa wenyeji waliotulea. Kijiji kinachokaribia kufikiwa na mji kipimwe mapema, na kila familia ipewe hati ya haki miliki ya kimila yenye jina la mume na la mke, kabla dalali hajafika. Maeneo ya shule, makaburi, masoko na chemchemi yatengwe siku ileile, maana baadaye hununuliwa kwa bei ya jiji. Anayeuza ashauriwe abakize kiwanja cha kila mtoto. Na mwenzetu anayenunua ekari kumi kijijini ili azingoje zipande bei, ajiulize kama hayo ndiyo maendeleo ya vijijini tuliyoandika katika mitihani yetu ya siasa.

Nanyi wanafunzi mlioko darasani sasa, msiione shule kama kisiwa. Eneo kubwa mnalolikalia lilitengwa wakati ekari moja ya hapo haikuwa na mnunuzi. Leo kila mwenye macho analitamani. Litalindwa na watu wanaojua lilitengwa kwa ajili ya nini, na kazi ya kujua ni yenu. Wapo bado wazee wa Tumbi, Visiga na Marumbo wanaokumbuka shamba la nani lilianzia mwembe upi na likaishia kijito kipi. Nendeni mkawaulize siku za likizo, mwandike majina, mchore ramani, mziweke katika maktaba ya shule. Dalali ana kumbukumbu zake kwenye daftari, na wenyeji nao wawe na zao.